Kupunguza uzito bila kuacha ugali: jinsi ya kuipanga sahani yako upya

Siku hizi mtu akitaka kupungua cha kwanza anaacha ugali. Ugali ndo umekuwa mshtakiwa namba moja, wali unafuata, chapati ndo usiseme. Ukimuuliza mwingine anakwambia hapana, tatizo ni mafuta, we kula chukuchuku tu, alafu anatokea wa tatu anasema kula mafuta upendavyo, nyama na parachichi kula mpaka uchoke, ila wanga usiguse hata ndizi moja. Mtu wa kawaida mwenye kitambi chake na mshahara wake anabaki njia panda, anajaribu hiki wiki mbili, kile wiki tatu, mwisho wa siku anarudi kwenye chips zake na kilo zote zinarudi nae. Naandika huu mwongozo kwa ajili ya huyo mtu, manake namuona kila mahali, na naamini kabisa anaweza kupungua akiwa anakula chakula kilekile cha nyumbani kwake, ila akibadilisha mpangilio.

Kwanza tuelewane jambo moja kabla ya hatua. Ukicheki watu wa hapahapa kwetu utaona kwamba sio wanga peke yake wala mafuta peke yake yanayonenepesha. Wakimbiaji wakubwa wa Kenya, wale Wakalenjin wa Bonde la Ufa, kuna utafiti ulifanywa kambini kwao ukatoka mwaka 2004, ukaonesha zaidi ya robo tatu ya nguvu yote wanayokula inatoka kwenye wanga, ugali wa kutosha na chai yenye sukari ya kueleweka, na bado ni wembamba kama unavyowaona. Utasema aah hao wanakimbia kutwa, sawa. Haya nenda kwa Wamasai, daktari Mmarekani anaitwa George Mann alikwenda kuwapima Tanganyika miaka ya 1960 akakuta wanaishi kwa maziwa na nyama, mafuta mengi ya wanyama, na miili yao imekaa sawa. Alafu kuna Wahadzabe pale Ziwa Eyasi, wanakula mizizi, ubuyu, nyama pori, matunda na asali nyingi tu, nao hawana vitambi. Milo mitatu tofauti kabisa, mmoja wanga mwingi, mmoja mafuta mengi, mmoja una asali kila msimu, na wote hawanenepi. Kinachofanana ni kwamba wote sehemu kubwa ya chakula chao haijasindikwa sana kiwandani, na hakuna anayechanganya wanga mweupe na mafuta ya kukaangia alafu anashushia na soda.

Kwa hiyo muundo wa mlo una nguvu sana, ila kinachobeba uzito ni hiki: muundo wa mlo ndo unaoamua utashiba ukiwa umeshakula kalori ngapi. Kalori ndo zinazopandisha na kushusha uzito, hilo halijabadilika, lakini hakuna mtu anayekula kalori kwa kuzihesabu, tunakula mpaka tushibe. Kuna sahani inakushibisha kwa kalori 500, kuna nyingine inakupitisha 1,200 na baada ya masaa mawili unatafuta karanga.

Hili lilipimwa vizuri kule Marekani. Mtafiti Kevin Hall, wakati huo akiwa taasisi yao ya taifa ya afya, pale Bethesda, Maryland, aliwaweka watu wazima 20 ndani wiki nne, wiki mbili wanapewa vyakula vilivyosindikwa sana viwandani, wiki mbili wanapewa vyakula vya kawaida vya kupikwa, na kila sahani inayoletwa mezani ilipangwa ilingane kalori, sukari, mafuta, nyuzinyuzi na chumvi. Wakaambiwa kula utakavyo, acha ukishiba. Matokeo yakatoka 2019: kwenye vile vya viwandani walikula kama kalori 500 zaidi kila siku na wakaongezeka karibu kilo moja ndani ya wiki mbili, kwenye vile vya kawaida wakapungua karibu kilo moja. Watu walewale! Hakuna aliyeambiwa ajinyime. Hapo ndo ushike, manake hatua zote nitakazokupa zinasimama juu ya hilo.

Hatua ya kwanza: pima, ila pima vizuri

Chukua mizani na futi ya fundi cherehani. Uzito upime asubuhi baada ya kutoka chooni, kabla hujanywa chai, na mara moja kwa wiki inatosha. Kiuno zungushia futi katikati ya mbavu za chini na mfupa wa nyonga, pumua kawaida usibane tumbo. Shirika la Afya Duniani linasema mwanamke akivuka sentimita 80 na mwanaume akivuka 94 hatari ya magonjwa kama sukari na presha inaanza kupanda, na akivuka 88 kwa mwanamke au 102 kwa mwanaume imepanda sana. Mimi kiuno nakiamini kuliko mizani, sababu mafuta ya tumboni ndo yenye balaa, na kuna wakati mizani inagoma kabisa wakati suruali inalegea.

Hapa pia niseme mapema. Kama ni mjamzito au unanyonyesha, kama una ugonjwa wa figo, kama una kisukari na unachoma insulini au unameza vidonge vya kushusha sukari, usianze kukata chakula bila kuongea na daktari wako, manake ukipunguza wanga ghafla huku dozi iko palepale sukari inaweza kushuka mpaka ukaanguka. Na kama uzito unapungua wenyewe bila kujaribu chochote, hiyo sio bahati, nenda hospitali ukapime.

Hatua ya pili: andika unachokula, hasa vile usivyoviita chakula

Siku chache tu, andika kwenye simu kila kinachoingia mdomoni. Watu wengi wanaandika ugali, wali, maharage, wanasahau andazi la saa nne, karanga za kwenye foleni, kipande cha mhogo wa kukaanga alichopewa na jirani, soda ya mchana, kijiko alichoonja jikoni mara sita wakati anapika. Hivyo ndo vinavyobeba uzito. Mama anayepika anaweza kula nusu sahani kabla ya kukaa mezani na akaapa kabisa kwamba yeye anakula kidogo, na hasemi uongo, hajui tu. Usijihukumu kwa ulichoandika, hiyo orodha ni ramani ya wapi pa kukata bila kuumia.

Hatua ya tatu: anza na vinywaji

Naanza na vinywaji kwa sababu ndo rahisi kuliko vyote na havikushibishi. Sukari ukiinywa tumbo haliihesabu vizuri, unakunywa soda alafu unakula ugali uleule uliokuwa ule. Soda ya mililita 300 ina sukari kama gramu 30 na kitu, ile ya nusu lita inafika gramu 50 hivi, hiyo ni kama kalori 200 ambazo hujatafuna. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongeza isizidi asilimia 10 ya nguvu ya siku na ikiwezekana ibaki chini ya asilimia 5, kwa mtu mzima hiyo 5 ni kama gramu 25, yani vijiko 6 vya chai. Soda moja imeshamaliza hesabu yote.

Chai sasa. Vikombe vinne kwa siku, kila kimoja vijiko vitatu, hapo ni vijiko 12, na vijiko vyetu vya nyumbani tunachota vya mlima sio vya kufuta. Usiache ghafla, utaona chai chungu utarudi. Wiki ya kwanza toa nusu kijiko, inayofuata nusu nyingine, tia tangawizi, iliki, mdalasini, iliki ikikolea ulimi hautafuti sana sukari. Juisi ya embe na ya miwa nazo ni sukari, usidanganywe na neno fresh, kula embe lenyewe utatafuna nyuzinyuzi zake na utashibia. Bia ya nusu lita inakaribia kalori 200, na pombe ina kalori 7 kwa kila gramu, karibu sawa na mafuta, alafu bia haiji peke yake, inakuja na kitimoto au nyama choma na ndizi za kukaanga na usiku umeshaingia.

Hatua ya nne: mafuta ya kupikia, hapa ndo kwenye kazi

Hapa nitakaa sana, manake kwa jinsi tunavyopika mijini nadhani hii hatua peke yake inaweza kumpunguza mtu kuliko kuacha ugali.

Gramu moja ya wanga ina kalori 4, protini 4, mafuta 9. Kijiko kimoja cha chakula cha mafuta ni kama kalori 120. Haijalishi ni ya alizeti, ya mawese, ya nazi au ya mzeituni, kwa upande wa kalori yote ni baba mmoja mama mmoja. Sasa fanya hesabu ya nyumbani kwako: kama familia ya watu watano inamaliza lita moja kwa wiki, lita ina kalori zaidi ya 8,000, gawa kwa watano, gawa kwa siku saba, kila mtu anakula kama kalori 230 kwa siku za mafuta ya kupikia peke yake, na hapo hatujaweka chips za nje, wala mandazi, wala nazi. Na zipo nyumba zinazomaliza lita mbili.

Angalia kiazi kinachofanyiwa hapo kijiweni. Kiazi cha kuchemsha gramu 100 kina kalori zisizofika 90 na kinashibisha balaa, kule Chuo Kikuu cha Sydney mwaka 1995 walilinganisha vyakula 38 kwa kupima watu wanavyoshiba, kiazi cha kuchemsha kikashika namba moja, kikakipita kile kimkate cha Kifaransa cha siagi karibu mara saba. Kiazi kilekile kikikatwakatwa kinatengeneza kuta nyingi za kunyonyea mafuta, kikizama kwenye karai maji yanatoka kwa mvuke, ndo yale mapovu unayoyaona, na mafuta yanaingia palepale maji yalipotoka. Wanakitoa nusu, wanakiacha juu ya chujio kinapoa, mteja akija wanakirudisha tena karaini mara ya pili. Kikitoka hapo gramu 100 zinakaribia kalori 300. Ukisema zege, yani chips mayai, inawekwa kwenye kikaango, mafuta mengine yanamiminwa chini, mayai mawili juu, kachumbari kiduchu pembeni, tomato sosi na mayonizi. Sahani hiyo moja inaweza kukugharimu kalori zaidi ya 800, na utaimaliza ndani ya dakika kumi umesimama.

Cha kufanya nyumbani ni rahisi kabisa ila kinataka msimamo. Acha kumimina mafuta kutoka kwenye dumu au chupa. Weka kijiko cha chakula jikoni cha kupimia mafuta na kisitoke hapo. Mboga ya watu wanne, vijiko viwili vinatosha, na kama sufuria ni zito unakaanga kitunguu kwa kijiko kimoja, kikianza kushika unanyunyizia maji kidogo, kinaendelea kulainika, nyanya inakuja na maji yake, mchuzi unaiva vizuri tu. Watakaokula hawatajua. Samaki mchome au mchemshe badala ya kumzamisha kwenye mafuta. Mihogo chemsha. Ndizi chemsha au choma. Chapati sio lazima uache, ila ile ya kusukuma yenye tabaka za mafuta ndani alafu inakaangwa tena kwa nje inaweza kufika kalori 300 moja, kula moja na maharage mengi, sio tatu na chai.

Na tui la nazi, ndugu zangu wa pwani msinichukie. Tui zito lina mafuta mengi sana, kikombe kimoja cha robo lita kinaweza kupita kalori 450. Siku ya wali wa nazi basi mboga isiungwe nazi, pika samaki wa kuchoma na kachumbari, siku ya samaki wa nazi pika wali mweupe. Nazi kwa nazi kwa nazi kwenye sinia moja ndo inaleta shida.

Hatua ya tano: ongeza protini, na ianze asubuhi

Sahani zetu nyingi protini ni ya kuonjea, vipande viwili vya nyama kwenye bakuli la mchuzi na mlima wa ugali. Hili ni tatizo kwa sababu protini ndo inayoshibisha kuliko wanga na mafuta. Pia mwili unatumia nguvu nyingi kuimeng'enya, kama asilimia 20 hadi 30 ya kalori zake zinaishia humohumo, wakati wanga ni 5 hadi 10 na mafuta hayazidi 3. Na ukiwa unapungua, protini ndo inalinda misuli isiondoke pamoja na mafuta. Wapo watafiti wawili, Stephen Simpson na David Raubenheimer, walitoa hoja mwaka 2005 kwamba mwili unaendelea kutafuta chakula mpaka upate protini yake ya kutosha, kwa hiyo ukila mlo wenye protini kiduchu unaishia kula wanga na mafuta mengi ukiifukuzia. Ukiangalia mtu aliyeanza siku na chai na maandazi manne, saa nne ana njaa tayari, utaona hiyo hoja ina mashiko.

Kwa mtu anayepungua, lenga kama gramu 1.2 mpaka 1.6 kwa kila kilo ya uzito wako, mtu wa kilo 70 ni kama gramu 85 hadi 110 kwa siku. Yai moja lina gramu 6 hivi. Maharage yaliyopikwa, kikombe kimoja kina kama 15. Kipande cha samaki au kuku cha gramu 100 kilichoiva kina 20 na kitu mpaka 30. Dagaa wakavu hawana mpinzani, zaidi ya nusu ya uzito wao ni protini, na bei yake unaijua, tena unakula na mifupa yake unapata madini ya chokaa. Tatizo la dagaa ni kukaangwa mpaka wakauke wamezama mafuta, pika mchuzi wa nyanya, au wakaange kwa kijiko kimoja tu. Choroko, kunde, njugu mawe, mbaazi, dengu, zote ni protini na nyuzinyuzi kwa pamoja, na ndo chakula cha bei nafuu kinachosaidia sana kupunguza uzito. Mtindi usio na sukari nao mzuri sana asubuhi. Nina imani na asubuhi ya mayai mawili na kiazi kitamu cha kuchemsha, au maharage ya jana na ndizi mbili za kuchemsha, kuliko supu ya mafuta yanayoelea na chapati mbili.

Karanga na korosho ni chakula kizuri ila ni nzito, gramu 100 zina kalori kama 570, kwa hiyo kiganja kimoja, sio mfuko mzima kwenye daladala.

Hatua ya sita: nusu sahani iwe mboga

Mchicha, matembele, kisamvu, majani ya maboga, sukuma wiki, kabichi, bamia, biringanya, nyanya chungu, matango. Hivi vina maji mengi na nyuzinyuzi, vinajaza tumbo kwa kalori chache, vinachelewesha chakula kutoka tumboni. Kosa ni kuipika mboga kama kitoweo, kijiko viwili pembeni ya ugali. Igeuze, mboga iwe nyingi kuliko ugali. Fungu moja la mchicha likiiva linakuwa ngumi moja, kwa hiyo nunua mafungu mengi, usiogope. Kisamvu cha nazi na karanga kihesabu kwenye mafuta, usikihesabu kama mboga bure.

Matunda kula mazima, papai, chungwa, pera, tikiti, embe. Parachichi zuri ila linahesabika, nusu inatosha.

Hatua ya saba: ugali wenyewe

Sasa tumefika kwa mshtakiwa. Unga mkavu kilo moja una kalori kama 3,600, iwe sembe au dona. Nusu kilo ikipikwa kwa watu wanne kila mmoja anapata kama 450, hapo ni sawa kabisa kwa mlo. Shida inakuja nusu kilo ileile ikiliwa na watu wawili, kila mmoja 900 kabla ya mboga. Kwa hiyo pima unga kabla haujaingia kwenye sufuria. Ukishasonga imeshakuwa ngumu kupunguza, ugali ukiwa mezani wa moto unaliwa wote. Vivyo hivyo mchele.

Dona ni bora kuliko sembe kwa sababu pumba na kiini vimebaki, nyuzinyuzi zipo, unashiba mapema na njaa inachelewa. Unaweza kuchanganya na mtama au ulezi. Usidhani lakini kwamba dona ni ruhusa ya kula mlima.

Kwa wanaokula sinia moja, na hii ni mila nzuri siipingi, ni vigumu kujua umekula kiasi gani. Mbinu yake ni kuanza na mboga na samaki ulizowekewa upande wako, wali baadae, na kula taratibu. Pale kwenye majaribio ya Hall watu walikuwa wanakula haraka zaidi kwenye vyakula laini vya viwandani, shibe inakuja imechelewa. Mkono uliotulia unashiba na kidogo.

Vipi kuhusu keto, yani ule mlo wa mafuta mengi na wanga kiduchu, na kukata wanga kabisa?

Inafanya kazi kwa wengi, sitaki kusema uongo. Ila jua kilo tatu za wiki ya kwanza sehemu kubwa ni maji. Mwili unahifadhi wanga kwenye ini na misuli, na kila gramu moja inakaa na gramu kama 3 za maji, ukikata wanga hiyo akiba inaisha na maji yake yanatoka, ukirudi kula wali sikukuu moja yanarudi na unadhani umenenepa usiku mmoja. Baada ya hapo kupungua kunategemea kalori kama kawaida. Christopher Gardner wa Stanford alichukua watu wazima 609 akawagawa, wengine mafuta kidogo wengine wanga kidogo, mwaka mzima, matokeo ya 2018 yakaonesha wa mafuta kidogo walipungua wastani wa kilo 5.3 na wa wanga kidogo 6.0, tofauti ambayo kitakwimu haina uzito. Pande zote mbili waliambiwa wale mboga nyingi, waache sukari na unga mweupe, wapike nyumbani. Ndani ya kila kundi lakini kuna waliopungua zaidi ya kilo 20 na kuna walioongezeka. Kwa hiyo swali la kujiuliza ni mlo upi unaweza kuula miaka mitatu ijayo ukiwa na mume, watoto, misiba na harusi. Kwa wengi wetu huo mlo una ugali ndani yake.

Zile chai za kupunguza tumbo zinazouzwa mitandaoni achana nazo. Nyingi zinakuharisha tu, unapoteza maji na chumvi, mafuta ya tumboni yapo palepale.

Hatua ya nane: mazoezi yana kazi yake, usiyape kazi ya chakula

Mwaka 2012 Herman Pontzer na wenzake walichapisha vipimo walivyofanya kwa Wahadzabe, walitumia maji maalumu ya kupimia nguvu ambayo mwili unatumia siku nzima. Watu wanaotembea porini kila siku kutafuta chakula, ukizingatia ukubwa wa miili yao, wanatumia nguvu karibu sawa na watu wa Marekani na Ulaya wanaokaa ofisini. Mwili unabana matumizi sehemu nyingine. Ndo maana mtu anakimbia asubuhi, anakula chapati tatu kama zawadi, na haelewi kwa nini mizani haishuki. Tembea, nyanyua vitu vizito, inasaidia sukari, presha, usingizi, misuli, na inasaidia sana uzito usirudi. Ila kushusha kilo kwanza ni jikoni.

Hatua ya tisa: soma mizani bila presha

Nusu kilo kwa wiki ni nzuri, hata robo. Ukipungua asilimia 5 mpaka 10 ya uzito wako, yani mtu wa kilo 90 akishusha kilo 4.5 hadi 9, tayari presha na sukari zinaanza kukaa vizuri, hauhitaji kurudi kwenye mwili wa sekondari. Mwanamke karibu na siku zake anaweza kupanda kilo moja au mbili za maji, asiogope. Baada ya miezi kadhaa uzito utasimama, hiyo ni kawaida, mwili mdogo unatumia nguvu kidogo kuliko ule mkubwa. Hapo rudi hatua ya pili, andika tena siku chache, mara nyingi utakuta kijiko cha mafuta kimerudi kuwa mmimino na sukari imepanda kimyakimya.

Harusi na misiba kula, ila kula kama ulivyopanga sahani, kuku na kachumbari kwanza, pilau kiasi, soda badili kwa maji. Mwezi wa Ramadhani futuru kwa tende na maji, uji usio na sukari nyingi, alafu mlo wenye samaki na mboga, kaimati na sambusa ziwe za kuonja sio za kushibia.

Na kwa ndugu zangu wenye tatizo la upande wa pili, waliopungua sana baada ya kuugua au ambao hawanenepi, mwongozo ni huuhuu mmeugeuza tu. Uji tieni karanga za kusaga na maziwa, mboga iungwe kwa nazi, ongezeni kijiko cha mafuta juu ya maharage yaliyoiva, parachichi zima, mayai, maziwa kati ya milo badala ya chai, na protini ibaki juu vilevile pamoja na mazoezi ya kunyanyua ili kinachoongezeka kiwe nyama sio kitambi. Msinywe maji mengi kabla ya kula, yanywe baada.